Ukurasa wa Arobaini na Saba

Jumanne, 23 Januari 2024

Wiki ya tatu kazini. Leo nimekabidhiwa jalada langu la kwanza — langu mwenyewe! Mwendesha mashtaka wetu, Dokta Iturri, aliliweka mezani pangu bila kuketi. Hakimu amelirudisha mara mbili. Mara ya kwanza cheti cha daktari kilikosa muhuri. Mara ya pili namba za kurasa ziliruka kutoka 30 hadi 32, na haikuonyeshwa mlalamikaji anaishi wapi hivi sasa. Likirudi mara ya tatu, alisema, litafungwa, na mshtakiwa atakwenda zake.

"Si uliandika tasnifu kuhusu taratibu za mashtaka? Haya, nionyeshe taratibu."

Nilimjibu kwamba atapata jalada lisilo na dosari hata moja. Nadhani alitabasamu. Mwezi wa tatu wataamua ni nani kati yetu wanne wa majaribio atakayepewa ajira ya kudumu.

Mlalamikaji: Eulogia Yujra, miaka thelathini na sita, muuza uji wa mahindi sokoni. Mshtakiwa: Casiano Tarqui, mumewe, fundi wa milango ya chuma. Watoto wawili. Cheti cha daktari kinasema siku kumi na nne za kutoweza kufanya kazi. Taya. Mbavu mbili. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Picha sita. Nilizipitia kwa mpangilio wake, nikaandika tarehe na jina nyuma ya kila moja. Ya nne ilikuwa imebandikwa kichwa chini. Nimeigeuza.

Jumatano, 24 Januari

Sikukuu ya Alasita. Saa sita kamili mchana ofisi nzima ilikuwa barabarani kununua vitu vidogovidogo vya kuombea mwaka: nyumba za ukubwa wa kiberiti, malori, mifuko ya mchele, vyeti. Mji wetu wote wa El Alto ulinuka ubani. Don Hilarión, karani wa majalada, alininunulia barua ya ajira yenye ukubwa wa stempu, na muhuri juu.

"Wenzetu wanaomba nyumba, dokta mdogo. Sisi tunaomba karatasi."

Hapa kila mwenye shahada ya sheria huitwa dokta. Ni Don Hilarión peke yake anayeongeza "mdogo".

Foleni ndefu kuliko zote ilikuwa kwenye meza ya vyeti vya talaka. Mama mmoja aliagiza viwili. "Cha mwaka jana hakikushika!" Muuzaji akamuuliza kama alikifukiza vizuri. "Nilikifukiza. Mume ndiye hakufukizika!" Walicheka wote. Nami nilicheka.

Ijumaa, 26 Januari

Mama Eulogia alikuja. Ni mfupi kuliko nilivyodhani kwa kumwona kwenye picha. Huzungumza mdomo ukiwa nusu wazi kwa ajili ya taya. Amehamia kwa dada yake, Natividad. Nilimwuliza nyumba iko mtaa gani.

"Haina mtaa, dokta. Iko nyuma ya uwanja."

Nilitazamia hivyo. Huko juu, pembezoni mwa mji, nyumba hujengwa kwanza, majina ya mitaa huja baadaye, pengine na uchaguzi. Ndiyo maana mahakama hudai mchoro: pasipo mchoro, mpeleka barua za mahakama hafiki, na pasipo barua hakuna kesi. Nilimpa penseli. Akachora uwanja wa mpira, tanki la maji, duka la mikate, mlango wa buluu. Mistari ilitetemeka kwa sababu ya vidole. Nikauchora upya kwa rula, kwa wino mweusi, nikaweka alama ya kaskazini.

Aliugeuza huku na huku. "Imekuwa nzuri kuliko nyumba yenyewe."

Kisha akauliza: "Nani atauona?"

"Hakimu, mama."

"Peke yake?"

"Hakimu na wapeleka barua."

Ndivyo nilivyoamini. Casiano haijui nyumba hiyo. Alikosana na Natividad miaka minane iliyopita, kabla dada huyo hajajenga huko. "Angeijua," alisema, "nisingelala."

Jumatatu, 29 Januari

Don Hilarión hayupo, jino linamsumbua. Jalada lilikuwa linangojewa mahakamani kesho, kwa hiyo nimelishona mwenyewe.

Nimeikuta dosari. Ijumaa jioni, kabla hajaondoka, mzee aliutia mchoro wangu kwenye bahasha, akaigundisha bahasha ndani ya gamba la nyuma la jalada. Haina namba. Haina hata neno moja juu yake. Hivi ndivyo majalada yanavyorudishwa! Kanuni iko wazi: kila karatasi inayoingia inapewa namba, kwa tarakimu na kwa maneno. Niliifungua bahasha kwa ncha ya rula, nikautoa mchoro, nikauandika 47, arobaini na saba, nikauweka baada ya ripoti ya mwanasaikolojia na kabla ya maelezo ya jirani. Kurasa sitini na tatu. Uzi mara tatu, fundo, muhuri juu ya fundo.

Ni jalada zuri. Nimelipiga picha.

Alhamisi, 1 Februari

Limepokewa! Hakimu hakuweka hata alama ya kuuliza. Kesi itasikilizwa tarehe 21, na Casiano amepigwa marufuku kumkaribia mkewe. Dokta Iturri aliliinua jalada mbele ya wenzangu watatu. "Hivi ndivyo," alisema.

Nilimpigia simu mama Eulogia. Aliuliza iwapo maana yake ni kwamba Casiano atafungwa. Nikamweleza kwamba maana yake ni kuwa jalada limekamilika.

"Aa," alisema. Nilisikia upawa ukigonga sufuria. Alikuwa na wateja.

Jumatatu, 5 Februari

Wakili wa Casiano ameomba nakala. Ni haki ya mshtakiwa kusoma jalada lote. Kwa kuwa jalada haliruhusiwi kutoka mikononi mwetu, nililipeleka mimi kwenye kibanda cha fotokopi ng'ambo ya barabara na kusimama pale wakati mama mwenye kibanda anageuza ukurasa mmoja mmoja. Nilikuwa nikichunga asikate uzi. Ukurasa mmoja, ule wa mchoro, ulitoka hafifu, wakili akaomba urudiwe. Nikamwambia yule mama aongeze wino.

Nilitia sahihi: nakala kamili, kurasa sitini na tatu.

Ijumaa, 9 Februari

Lazima niandike hili kwa utaratibu.

Leo ilikuwa siku ya kuibariki ofisi kabla ya kanivali. Riboni za karatasi kwenye kompyuta, pombe kali ikimwagwa kwenye pembe nne za chumba kwa ajili ya Mama Ardhi, vipande vya karatasi za rangi juu ya majalada. Muziki. Dokta Iturri alikuwa na riboni shingoni. Saa tisa hivi mtu alisimama kaunta akavua kofia. Mnene kidogo, kucha safi. Adabu nyingi. Alisema yeye ni Casiano Tarqui, amekuja kusaini kwamba amepata taarifa ya tarehe 21. Nilimpa kitabu. Akasaini.

Kisha akainama kidogo, kama mtu asiyependa kumwaibisha mwenzake mbele za watu.

"Dokta, usinichukulie vibaya. Ule mchoro. Uwanja uko kulia, siyo kushoto. Nilizunguka sana."

Nilimwambia asante.

Nilimwambia asante!

Alivaa kofia, akamtakia kila mmoja kanivali njema. Mtu akamrushia karatasi za rangi begani.

Nilimvuta Dokta Iturri kwenye korido. Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho huku akijitoa riboni polepole, akiikunja. Niliomba tuutoe ukurasa ule.

"Ukiutoa, namba zitaruka. Namba zikiruka, wakili wake ataomba jalada lote litupwe, na atapewa. Na yeye ana nakala nyumbani. Utakuwa umemlinda nani?"

Nikauliza kuhusu polisi. Alipiga simu mbele yangu, sina la kumlaumu. Wana gari moja kwa eneo lote, na ni kanivali. Walisema watapita. Waliuliza ni wapi. Aliwasomea ukurasa wa 47.

Simu ya mama Eulogia imezimwa. Nimepiga mara kumi na moja.

Jumamosi, 10 Februari

Imezimwa.

Jumapili, 11 Februari

Nilikwenda mwenyewe, mchoro mkononi. Uwanja uko kulia. Alisema kweli.

Mlango wa buluu ulikuwa na kufuli nje. Jirani alikuwa akifagia maji ya rangi ya kanivali ambayo watoto walimrushia uani. Nilimsalimu, nikasema nimetoka ofisi ya mashtaka.

"Umechelewa, dokta. Wameondoka jana asubuhi."

Nani?

"Eulogia. Mumewe alikuja Ijumaa usiku na keki, akalala kwenye gari lake hapo nje. Watoto walipoamka wakamkuta mlangoni, baba yao. Akawapandisha garini kwanza."

Kwa nguvu?

"Nguvu gani? Aliwabeba kama mayai. Kisha akarudi kumbebea Eulogia godoro. Natividad alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Eulogia alifunga tu viatu." Akarudia kufagia yale maji. "Polisi nao walipita. Saa nane mchana. Wakauliza kama hapa ndipo."

Nilimshukuru. Nikapiga picha kufuli, kwa ajili ya kumbukumbu. Sijui kumbukumbu ya nini.

Jumatatu, 12 Februari

Sikukuu. Ofisi zimefungwa.

Jumanne, 13 Februari

Sikukuu. Nyumbani walibariki vyumba vyote. Mama alimwaga pombe kwenye pembe za meza yangu, akabandika riboni kwenye cheti changu cha shahada. Aliuliza kwa nini sili. Nilikula. Baba aliwaambia wageni kwamba binti yake ameshinda kesi. Sikumsahihisha.

Jumatano, 14 Februari

Don Hilarión amerudi kutoka likizo ya ugonjwa, shavu limevimba upande mmoja. Alilichukua jalada langu, akalipekua kama mtu anayehesabu majani ya koka, akafika nyuma kabisa. Akapapasa mahali palipokuwa na gundi.

"Nani alifungua bahasha yangu?"

"Haikuwa na namba, Don Hilarión."

"Ndiyo maana haikuwa na namba."

Kisichokuwa na namba, aliniambia, si sehemu ya jalada, na kisichokuwa sehemu ya jalada hakinakiliwi. Hakimu anajua pa kupapasa. Wapeleka barua wanajua. Miaka ishirini na mbili amekuwa akigundisha bahasha.

"Lakini hilo halijaandikwa popote!"

"Likiandikwa, dokta mdogo, na wao watalisoma."

Hakunikaripia. Heri angenikaripia. Alikwenda kabatini akatoa majalada matupu sita, akayapanga mezani. Nikauliza ya nini. Ya kuondolea mashtaka, alisema. Baada ya kanivali huja wengi. Kila mwaka anaweka sita, na kila mwaka hayatoshi.

Nimeandika ripoti ya kosa langu. Kurasa mbili, aya zilizopangwa vizuri. Ikiingia kwenye jalada itaanzia ukurasa wa 64, na wakili wake ataisoma pia. Sijaisaini. Nimekuwa nikijiambia kwamba ni kwa sababu hiyo ya wakili. Mwezi wa tatu uko karibu. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: si kwa sababu hiyo peke yake.

Alhamisi, 15 Februari

Ofisini. Saa tatu na nusu asubuhi.

Wamekuja. Casiano mbele, kana kwamba hakuna marufuku, amebeba jalada jipya. Mama Eulogia nyuma yake, kofia imeshushwa, shali mpya. Dokta Iturri yuko mahakamani hadi saa sita.

Barua ya kuondoa mashtaka, imepigwa chapa na wale wapiga chapa wa barabarani. Sahihi. Kidole gumba. Nakala ya cheti cha ndoa. Casiano aliiweka kaunta akaisawazisha pembe.

"Iangalie vizuri, dokta. Wewe nakujua, ni mtu makini."

Niliisoma mara mbili. Haikuwa na kasoro. Don Hilarión akanisogelea, akanyoosha shingo juu ya bega langu.

"Nakala ya kitambulisho cha mlalamikaji?"

"Kitambulisho chenyewe hiki hapa," Casiano alisema.

"Nimeuliza nakala, kijana. Pande zote mbili, ukurasa mmoja."

"Mzee, si unamwona mwenyewe amesimama hapa!"

"Mimi namwona. Jalada halimwoni."

Nami nikasikia sauti yangu, tulivu, ile ya mtihani wa mdomo: "Na mlalamikaji anahojiwa peke yake. Ndiyo kanuni." Ni kanuni kweli. Ipo, imeandikwa.

Casiano alicheka, akageukia watu waliokuwa kwenye benchi. "Karatasi, karatasi! Nchi hii mtu hawezi hata kusamehewa na mkewe bila fotokopi!" Wawili walicheka naye. Alichukua kitambulisho mkononi mwa mkewe. Alimwambia, kwa upole mkubwa: "Dakika tano, mpenzi. Nitakuwa nakuona."

Anatuona kweli. Chumba cha mahojiano kina dirisha la kioo upande wa barabara. Kibanda kiko ng'ambo. Foleni ya baada ya sikukuu. Yeye ni wa tisa.

Nilikaa, nikamwambia mama Eulogia kwamba hakuna anayetusikia.

"Andika," alisema.

"Niandike nini, mama?"

"Chochote. Anatazama mkono wako."

Ndiyo maana naandika hapa. Kitabu hiki ndicho kilichokuwa karibu. Mkono unaonekana ukiandika.

Wa nane sasa.

Nilimwambia ukweli. Ukurasa ule ulikuwa wangu. Ni mimi niliyeutoa kwenye bahasha.

"Najua. Ameubandika juu ya kitanda."

Nilimwuliza iwapo anataka kuondoa mashtaka. Nikamwuliza tena, kwa maneno mengine, kama fomu inavyoelekeza. Alitazama shali yake.

"Hii barua ikikubaliwa, watoto wanarudi leo. Ndivyo alivyosema. Isipokubaliwa, hakusema."

Wa saba.

Kwa hiyo watoto hawako nyumbani. Niliuliza kama anajua waliko. Aliitikia kwa kichwa, kidogo sana, kwa ajili ya taya. Wapo kwa mtu. Ana hakika. Mtoto mdogo alimpigia simu kwa siri, akamwambia anachokiona dirishani.

Wa sita. Anaongea na mwanamke aliye mbele yake, anamchekesha.

Don Hilarión ametoka. Sikumwona akitoka. Anavuka barabara na rundo la majalada hadi kidevuni. Makarani wa mashtaka hawapangi foleni. Amepita watu wote, ameliweka rundo mbele ya yule mama wa fotokopi, anamfungulia la juu. Lile nene, la kesi ya ardhi. Kurasa mia nne na ushei. Anamwonyesha kwa kidole: anza na ya kwanza.

Casiano anasema kitu. Don Hilarión anashika shavu lake lililovimba, anaonyesha kwamba hawezi kuzungumza.

Mama Eulogia amesogeza kiti. Magoti yetu yanagusana chini ya meza. Amesema atanieleza mara moja tu waliko watoto. Nimwambie Dokta Iturri kwa mdomo. Kwa mdomo tu.

Casiano amegeuka. Anatutazama. Kalamu isisimame.

Ameanza kueleza. Nasikiliza. Sauti yake ni ndogo, naye haangalii juu. Mkono unaandika namba tu, si anachosema: moja, mbili, tatu, nne. Kutoka wapi, kupita wapi. Tano, sita. Nashika kila neno. Saba, nane, tisa, na bado hajamaliza, kumi, kumi na moja, kumi na mbili